Dhahabu ya Athi: Alkemia, Vilindi vya Nafsi, na Rangi Tatu za Uzaramo

Katika kitabu cha kumbukumbu za Carl Gustav Jung, kilichotoka kwa Kijerumani mwaka 1962, mwaka mmoja baada ya kufa kwake, umo ukurasa mmoja uhusuo mbuga za Athi, karibu na Nairobi. Tabibu huyo wa nafsi kutoka Uswisi alishuka Mombasa mwezi wa Novemba 1925, akapanda gari la moshi mpaka Nairobi, kisha akaenda kwa motokaa kutazama wanyama wa porini. Juu ya kilima kifupi aliyaona makundi ya swala, nyumbu na punda milia yakila na kujongea polepole, mpaka macho yalipokomea. Akawaacha wenzake, akaenda mbele hata asiwaone tena. Alipokuwa peke yake lilimjia wazo kwamba dunia ile ilikuwako tangu kale pasipo mtu wa kuijua kuwa iko, na kwamba jicho la mtu ajuaye ndilo liitimizalo. Kwa hiyo binadamu ni kama muumba wa pili. Na hapo, katikati ya nyika, amtaja shahidi wake: wanaalkemia wa zamani, waliofundisha kuwa ufundi wa mtu humaliza kazi ambayo maumbile hayakuimaliza.

Kwa upande wa maandishi ukurasa huo ni mzuri, na asiyeguswa nao hana budi kuusoma mara ya pili. Lakini msomaji ahesabuye miaka hukwama. Jung wa mwaka 1925 hakuwa bado mwanafunzi wa alkemia. Alikwisha kusoma kitabu cha Herbert Silberer wa Vienna, kilichotoka mwaka 1914, ambacho kilijaribu kuifasiri alkemia kwa elimu ya nafsi. Ila, kwa maneno yake mwenyewe katika kumbukumbu zile zile, alkemia wakati ule aliiona kuwa kitu cha kando kisicho na maana kubwa. Mlango ulifunguka mwaka 1928, Richard Wilhelm alipompelekea tafsiri ya kitabu cha Kichina cha alkemia kiitwacho Siri ya Ua la Dhahabu. Ndipo alipoanza kununua vitabu vikuukuu vya Kilatini na kuviandikia orodha za maneno, kama afanyavyo mtu ajifunzaye lugha ngeni. Kazi zake kubwa juu ya jambo hili zilitoka mwaka 1944, mwaka 1946, na mwaka 1955 na 1956. Habari za Kenya aliziandika katika miaka ya mwisho ya 1950, akiwa mzee wa zaidi ya miaka themanini. Basi lile neno la wanaalkemia halikuota katika ardhi ya Athi. Lilipelekwa huko baada ya miaka zaidi ya thelathini, na kupandwa.

Hilo silo la kumlaumia mzee. Kumbukumbu za watu wote hupikwa, na yeye alikuwa mpishi hodari. Lenye haja ya kuulizwa ni jingine: katika upishi ule, kipi kiliingia chunguni, kipi kikatoka dhahabu, na kipi kikatupwa kama taka?

Yafaa kwanza kueleza alkemia ilikuwa nini, maana wengi huidhani kuwa ni ulaghai wa watu waliotaka kugeuza risasi kuwa dhahabu. Walaghai walikuwamo, kama walivyomo katika kila ufundi wenye faida. Lakini fundi wa kweli alikuwa na mafundisho marefu. Alianza na kitu duni, kilichodharauliwa, ambacho vitabu vyasema hupatikana njiani na hakuna akiokotaye. Alikitia katika chombo cha kioo, akakiziba kabisa, akakipasha moto kwa kipimo. Ndani ya chombo kitu hicho kilikufa na kuoza, kikawa cheusi. Kikaoshwa, kikawa cheupe. Mwisho kikaiva, kikawa chekundu, na hapo ndipo jiwe la hekima lilipozaliwa. Vitabu vya kale vilihesabu rangi ya nne, umanjano, kati ya weupe na wekundu, ila kadiri ya karne ya 15 na ya 16 iliachwa, zikabaki tatu.

Jung alishangazwa na picha zilizofuatana na maelezo hayo: mfalme na malkia waingiao kisimani pamoja, wafao kaburini mmoja, wainukao wakiwa mwili mmoja. Alisema fundi yule, kwa kuwa hakuijua asili ya madini, aliyatazama katika giza, na katika giza mtu huona yaliyomo ndani yake. Moyo wake uliyatupia madini yale kufa kwake na kufufuka kwake, naye akadhani anasoma siri za zebaki na salfa. Kwa fasiri hii, alkemia ni ndoto ndefu ya karne nyingi, na vilindi vya nafsi, vile ambavyo mtu havijui ndani yake mwenyewe, vimeandikwa humo kwa lugha ya tanuri. Weusi ni huzuni na kuchanganyikiwa kwa mtu akutanaye na kivuli chake. Weupe ni kutakata. Wekundu ni damu kurudi, mtu kuwa mzima. Na kwa kuwa wagonjwa wake wa Zurich, wasioijua alkemia hata kidogo, waliota ndoto za picha kama hizo, alihukumu kuwa chini ya nafsi ya kila mtu iko nafsi moja ya watu wote, yenye sura za asili zisizofundishwa na mtu.

Hapo ndipo Afrika ya Mashariki ilipopata kazi katika hoja yake. Ikiwa sura hizo ni za watu wote, basi kwa watu ambao yeye aliwaita wa zamani zitaonekana wazi zaidi. Alisafiri kwa nia hiyo, akidhani kwamba apandapo gari la moshi Mombasa anashuka ngazi kuelekea kwenye tabaka za chini za nafsi yake mwenyewe. Watu aliowakuta walikuwa, katika hesabu hiyo, kitu kibichi cha kutiwa chomboni. Ni dharau ya adabu nzuri, isiyotukana mtu, na kwa sababu hiyo yapita bila kuonekana.

Lakini palikuwa na mtu mmoja katika msafara ambaye hakukubali kuwa kitu kibichi. Jung mwenyewe atoa habari zake, si katika ukurasa wa Athi bali katika insha yake juu ya kuzaliwa upya, aliyoihutubia mwaka 1939 na kuitengeneza tena mwaka 1950. Kiongozi wa wapagazi wake nchini Kenya alikuwa Msomali aliyelelewa katika mafundisho ya masufi. Mtu huyo alimweleza habari za Khidhri, yule mja wa Mungu ambaye mapokeo ya Kiislamu yasema ndiye aliyefuatana na Musa katika Sura ya Pango. Kwa kiongozi yule, Khidhri hakuwa hadithi. Aliweza kukutana naye njiani saa yoyote, katika umbo la mtu au la unyasi, na aliwahi kumwona katika ndoto wakati wa shida. Jung aliyachukua maneno hayo kuwa ushahidi wa sura ya asili iliyo hai bado. Hakuuliza kama yule aliyekuwa akizungumza naye alikuwa mwanachuoni mwenziwe. Katika insha ile mtu huyo hatajwi jina.

Ajabu ya jambo hili yaonekana ukiikumbuka asili ya neno lenyewe. Alkemia ni al-kimiya ya Waarabu, na Wazungu wa zama za kati waliipokea elimu hiyo katika tafsiri za Kilatini za vitabu vya Kiarabu, vingi vikipachikwa jina la Jabir bin Hayyan. Tena Waislamu hawakungoja karne ya 20 kutambua kuwa tanuri la kweli ni nafsi. Imamu Ghazali, mwanzoni mwa karne ya 12, alikiita kitabu chake cha Kiajemi Kimia ya Furaha, na kimia aliyoikusudia ni ya kuitoa nafsi katika hali ya mnyama na kuifikisha kwenye uongofu. Vyuoni mwa pwani, mwanafunzi hufundishwa daraja tatu za nafsi kama zitokavyo katika Kurani: nafsi iamrishayo maovu, nafsi ijilaumuyo, na nafsi iliyotulia. Huo ni mpango wa mageuzi wenye moto, maji na utulivu wake, nao wajijua kuwa wasema juu ya mtu, si juu ya shaba. Fasiri ya Jung kwamba fundi hakujua alichokuwa akikitenda yaweza kuwa kweli kwa baadhi ya mafundi wa Ulaya. Kwa Ghazali si kweli hata kidogo. Na Msomali yule, aliyetembea mbele ya msafara, alikuwa mrithi wa Ghazali.

Basi palikuwa na alkemia katika msafara ule mwaka 1925, nayo ilikuwa hai, ikimngojea Jung amwulize mwenyewe. Yeye alitembea peke yake mpaka juu ya kilima. Miaka thelathini baadaye alihitaji neno la alkemia kwa ukurasa wake, akalitafuta katika Kilatini.

Ili kuipima hoja ya sura za asili, msomaji afadhali aende mahali ambapo Jung hakufika, na ambapo kazi ya kumgeuza mtu haikuandikwa na wageni waliotafuta alkemia. Msimbu, katika wilaya ya Kisarawe, ng'ambo ya vilima vya Pugu ukitoka Dar es Salaam, ni sehemu ya nchi ya Wazaramo. Desturi ya Uzaramo ijulikanayo kuliko zote ni ya mwali. Msichana avunjapo ungo huwekwa ndani, zamani kwa miezi mingi na wengine kwa miaka. Siku hizi, kwa ajili ya shule na mambo mengine, muda umefupishwa sana. Ndani hupewa mwana hiti, sanamu ndogo ya mti yenye kichwa na kiwiliwili, isiyo na mikono, aitunze kama mtoto. Hufundishwa na kungwi, huchezewa ngoma, hupelekwa kwenye mti wa mkole, na mwisho hutolewa nje mbele ya watu akiwa amepambwa, mtu mwingine.

Mwanafunzi aliyekwisha kusoma Jung hurukwa na moyo kwa furaha asomapo haya. Chombo kilichofungwa ni hicho! Giza, kufa kwa utoto, mtoto wa ajabu azaliwaye ndani ya chombo, na kutoka katika mwanga. Furaha yake huzidi azitazamapo rangi. Katika uganga wa pwani na bara yake, kuanzia dawa mpaka nguo za pepo, rangi zifanyazo kazi ni tatu: kaniki nyeusi, bafta nyeupe, na nguo nyekundu; makaa, unga au udongo mweupe, na ngeu. Hata vilima vya Pugu vyenyewe ni ghala ya udongo mweupe. Ni rangi zile zile za tanuri, zimetimia, wala hazikupungua moja.

Hapa yapasa kwenda polepole, kwa sababu sarufi ya Kiswahili ina neno la kusema. Mswahili husema kitu cheusi, cheupe, chekundu. Nyumba nyeusi, nyeupe, nyekundu. Rangi hizi tatu peke yake ndizo zenye mashina yake ya sifa, yachukuayo viambishi vya ngeli kama -zuri na -baya. Nyingine zote zimeazimwa kwenye vitu au kwa wageni: kijani ni cha jani, kijivu ni cha jivu, kahawia ni ya kahawa, samawati imetoka mbinguni kwa njia ya Kiarabu, na manjano imetoka jikoni. Ule umanjano ambao wanaalkemia waliuacha njiani, Kiswahili hakikuupa hata shina. Na jambo hili si la Kiswahili peke yake. Brent Berlin na Paul Kay, wanazuoni wa Marekani, walionyesha mwaka 1969 kuwa lugha yenye majina matatu tu ya asili ya rangi huwa na weusi, weupe na wekundu. Naye Victor Turner, aliyekaa na Wandembu wa Zambia katika miaka ya 1950, alieleza rangi hizo tatu kwa mwili wa binadamu: maziwa na mbegu za uzazi, damu, na uozo. Kila mtu azaliwaye huzijua kabla ya kujua kusema.

Maelezo haya yatosha kuzikutanisha rangi za Uzaramo na za Ulaya bila kuchimba chini ya nafsi kutafuta ghala ya picha za urithi. Macho ni yale yale, damu ni ile ile, usiku ni ule ule. Hoja ya Jung haikuvunjika kwa hayo, maana aweza kujibu kuwa mwili nao ni mlango wa vilindi. Lakini imepoteza nguvu ya kustaajabisha, na katika hoja ya namna yake mastaajabu yalikuwa nusu ya ushahidi.

Tena mahali pa kufanana si mahali pa maana kuliko pote. Katika tanuri rangi hufuatana: asiyepita weusi haufikii weupe. Katika uganga wa pwani rangi hazipandi ngazi; pepo hutaka nguo yake, na mganga huitika kwa kadiri ya haja. Nyeusi haiwi daima mwanzo mbaya wa kuachwa nyuma. Wingu la mvua ni jeusi, na mkulima wa Kisarawe aliangaliapo halioni kuwa kivuli cha nafsi yake.

Na chombo? Sharti la kwanza la alkemia ni kuziba. Hewa ikiingia kazi imeharibika. Ndiyo sababu Jung alikifananisha chombo na chumba cha tabibu na mgonjwa wake, wawili peke yao, siri isitoke. Nyumba ya mwali haizibwi hivyo. Msichana amefichwa na wanaume na wapita njia, lakini kungwi huingia, bibi huingia, shangazi huingia, wanawake wa kijiji huingia na ngoma zao. Marja-Liisa Swantz, Mfini aliyeishi na Wazaramo wa kijiji cha pwani, kaskazini ya Dar es Salaam, na kuchapisha mwaka 1970 kitabu juu ya ibada na ishara zao, aliyaona mambo haya kuwa ni ya ukoo mzima: kuzaa, kufa na kuponya vimefungamana, na uzima wa mmoja ni uzima wa wote. Mwana hiti naye hakai ndani tu. Umbo lake lilichongwa juu ya fimbo za wakubwa na juu ya miti ya makaburi. Kitu kimoja kinachomfunga msichana, mzee na marehemu hakiwezi kufasiriwa kuwa picha ya utimilifu wa mtu mmoja bila kukikata vipande.

Tofauti hii yaonekana hata katika ndoto, shamba ambalo Jung alikuwa na mamlaka juu yake. Katika Mlima Elgon, kwa watu waitwao leo Wasabaot, mzee mmoja mwaguzi alimwambia kwa machozi kwamba tangu Wazungu walipoingia hakuna aotaye tena, kwa kuwa sasa Mwingereza ndiye ajuaye yote. Zamani ndoto ya mwaguzi iliwaambia watu habari za vita, ugonjwa na mvua. Jung aliyaandika hayo kwa uaminifu, na ni sifa yake. Alifahamu kuwa mkuu wa wilaya amekalia kiti cha ndoto. Lakini asiyefahamu, au asiyesema, ni kwamba hiyo ilikuwa habari ya utawala kabla ya kuwa habari ya nafsi: mzee yule hakupoteza njia ya kwenda katika vilindi vyake, alipoteza baraza la kumsikiliza.

Kwa mhakiki wa fasihi ya Kiswahili yote hayo yana matokeo, nayo yaonekana vizuri katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ya mwaka 1952. Hadithi yenyewe yajulikana. Adili, liwali wa Janibu, kila usiku huwalisha manyani wawili kwa upole, kisha huwapiga huku akilia. Manyani hao ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliomtupa baharini kwa wivu, na jini Huria ndiye aliyewageuza na kumwamuru kuwapiga. Hakuna hadithi ya Kiswahili imwitayo mfuasi wa Jung kwa sauti kubwa kuliko hii. Mtu mwema alaziye wanyama wawili katika chumba cha siri, nao ni ndugu wa damu yake! Mwanafunzi ataandika mara moja kuwa manyani ni kivuli cha Adili, uovu ambao wema wake umeukataa, na kwamba machozi ni maji ya kuosha weusi. Mji wa watu waliogeuka mawe, ambao Adili aliufikia safarini, utakuwa jiwe la wanaalkemia kinyumenyume.

Fasiri hiyo ina utamu, na kwa sehemu ina haki: Shaaban Robert aliijua nguvu ya usiku na ya chumba kilichofungwa. Lakini ukiwafanya Hasidi na Mwivu kuwa sehemu za nafsi ya Adili, umewafuta ndugu. Kosa lao halikuwa la ndotoni. Walitenda, mtu akazama. Uchungu wa Adili si uchungu wa mtu aliyegawanyika nafsini, bali wa mtu aliyeamriwa kumwadhibu aliyezaliwa naye. Hadithi hii ina asili yake katika masimulizi ya Alfu Lela Ulela, na humo waliogeuzwa ni mbwa. Mwandishi wa Tanga aliwafanya manyani, wanyama walio karibu na mtu kwa mikono na uso, hata fimbo iwapatapo msomaji aone haya.

Zaidi ya hayo, Adili hakuikamilisha kazi ile chumbani mwake. Miaka ya kupiga na kulia haikuwarudisha ndugu zake katika ubinadamu hata kidogo. Chombo kilizibwa, moto ukawaka, na hakuna dhahabu iliyotoka. Siri ilivuja. Ikibali, mjumbe aliyefika Janibu kwa ajili ya kodi, aliona asichopaswa kuona, akampelekea habari bwana wake. Adili akaitwa kwa Mfalme Rai, akasimama na manyani wake mbele ya watu, akasimulia yote. Hapo ndipo mwingine, asiye nduguye wala jini, alipowaombea.